Mkono wa Nyuma

Pikipiki ilianza kuyumba katikati ya kona, mahali palepale pa siku zote, na mimi nikakaza magoti kwenye tangi huku nikiitukana kimoyomoyo. Kona yenyewe ni ndefu. Inazunguka rundo la matofali yaliyoachwa siku kiwanda kilipofungwa, na ukiingia na kasi, nyuma kunaanza safari yake: kushoto, kulia, kushoto, kama mbuzi anayevutwa kamba kwenda asikotaka. Mbele kunasema twende, nyuma kunasema ngoja. Msimu uliotangulia ilinimwaga hapohapo. Nilivunjika bega, na aliyekuwa akinifuata alipitisha gurudumu karibu na kichwa changu kiasi kwamba vumbi lake nililitema hadi hospitali.

Siku hiyo sikuanguka. Nilipunguza mafuta, wakanipita wawili, nikamaliza mbio nikiwa na hasira za kunitosha mimi na jirani.

Pikipiki inayoyumba mahali pamoja humkaa mtu kooni. Unakula, unaiwaza kona. Unapiga mswaki, unaingia kona. Mimi tangu utotoni nimeitwa Kiguu na Njia, na mama alikuwa akisema anayetaka niketi aje na misumari na nyundo. Miezi ile hata nilipoketi, magoti yalijikaza yenyewe chini ya meza. Siku za kazi nilisambaza vifurushi kwa pikipiki hiyohiyo. Siku za mashindano nilifungua taa, vioo na kikapu, nikabandika namba, nikaenda kukimbizana na wanaume ambao wengi wao niliwazidi kila mahali isipokuwa pale kwenye matofali.

Mume wangu hakuwahi kuja kunitazama. Alikuwa mchomeleaji, na mtaa mzima ulimwita Mageti kwa kuwa huwezi kutembea hatua nyingi bila kupita geti alilolitengeneza yeye. Jumapili za kawaida alilala mpaka jua linamfuata kitandani. Jumapili za mbio alifungua karakana asubuhi na mapema, akawasha grenda, akasaga vyuma ambavyo havikuhitaji kusagwa. Alisema kelele zinamsaidia asiisikie simu ikilia.

Jioni ile nilipoingia uani alizima mashine, akanitazama ninavyoshuka.

"Imeyumba tena?"

"Kidogo."

"Kidogo gani? Kidogo cha kukaza magoti, au kidogo cha kuvunja bega?"

Akavua glavu zake moja moja, akaziweka juu ya mashine, nikajua kuna neno limepikwa siku nyingi na leo linapakuliwa.

"Sina nguvu za kukuzuia," akasema, "na nikikuzuia utaibomoa hii nyumba kwa kuzunguka. Basi niachie huo mkono wa nyuma niuimarishe. Ukipita ile kona ukaniambia imetulia, sitasema tena neno juu ya mbio mpaka siku ya kufa. Ukiniambia bado, unaacha. Unaacha kabisa, Kiguu."

"Na nani atapima?"

"Wewe. Utakachosema ndicho nitakachoamini."

Hapo ndipo aliponiweza. Angesema atapima yeye, ningebishana naye mpaka kunakucha. Nikakubali, kwa sababu sikuwa na la kukataa, na kwa sababu mtu asiyetulia hukubali chochote ili mambo yasogee.

Mkono wa nyuma ni zile pande mbili za chuma zinazotoka katikati ya fremu kwenda kulishika gurudumu la nyuma, moja kila upande. Umefungwa kwa bolti moja ndefu ili upande na kushuka barabara inapopanda na kushuka. Wapenda mashindano huuongezea bomba la kuukaza usijipinde, na pikipiki zao zikisimamishwa mahali watu huzizunguka wakizitazama kama mabwana harusi. Mume wangu alikuwa ameziona pichani. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi kabisa: chuma kinacheza, chuma kikazwe. Geti zuri ni lile lisilotikisika.

Mjomba wangu hakukubaliana naye. Mjomba, kaka wa mama, alikuwa fundi wa pikipiki, na gereji yake ilipakana ukuta na karakana ya mume wangu. Walikuwa wakitaniana kupitia ukuta huo miaka yote, huyu akilalamikia cheche zinazoruka, yule akilalamikia moshi. Mjomba alikuwa amekwisha kuniambia kwamba bushi zimekwisha, zile pete za chuma ambamo mkono unazungukia kwenye fremu, na kwamba mpya itabidi zichongwe, kwa hiyo nisubiri. Kusubiri si kazi yangu. Na mume wangu, safari hii, hakuwa na subira pia.

"Mjomba wako huona bushi hata kwenye kikohozi," akasema kwa sauti, ili upande wa pili usikie.

Sauti ikaja juu ya ukuta. "Mpwa wangu, hicho anachotaka kukuwekea ni tai. Mfunge mtu tai, atapendeza. Hatakimbia zaidi."

Aliufungua mkono wote, akautoa gurudumu na ekseli yake, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, akaulaza juu ya meza ya chuma kama anavyolaza kila kitu. Akavuta turubai mlangoni nisione. Mimi nikawa natembeza vifurushi kwa miguu, visigino vikichubuka, na kila nilipopita karibu na nyumbani nikijipa sababu ya kuchepuka. Mwanga wa bluu ulikuwa ukiwaka na kuzimika nyuma ya turubai. Nikikohoa, unazimika.

"Nenda kazini wewe!"

Siku alipolivuta turubai, watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, maana mtaa wetu haukuhitaji mwaliko. Kila upande wa mkono alikuwa ameuongezea ubavu, ndivyo mwenyewe alivyouita: bomba jembamba lililoinuka, likapinda kama nyusi, likashuka karibu na gurudumu. Kati ya bomba na mkono alipanga vijiti vifupi vya mshazari. Na mwishoni, kwa kuwa alikuwa yeye na si mtu mwingine, aliweka kijikunjo kama vile anavyoviweka juu ya madirisha ya watu. Vyote vimepigwa rangi nyekundu. Nimeona kazi zake nyingi, lakini hii aliifanya kwa namna ya pekee. Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Mjomba naye alitoka, akainama, akapitisha kidole kwenye mishono.

"Tai nzuri," akasema, akarudi ndani.

Mume wangu alinawa mikono, akasimama getini nikivaa helmeti.

"Useme kweli," akaniambia. "Kweli tupu."

Mchana wa siku ya kazi uwanja wa mbio ulikuwa mtupu, isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa akichambua matofali mazima na kuyapanga kwenye mkokoteni. Nilizunguka taratibu kwanza. Kwenye mnyooko pikipiki ilikwenda vizuri, na moyo wangu, ambao haujawahi kungoja ushahidi, ukaanza kushangilia. Nikaingia kona na kasi. Ule mtikisiko ulichelewa kidogo, lakini ulikuja. Na haukuja peke yake. Sasa usukani ulinivuta kushoto, ukitaka kushikiliwa muda wote, kama unatembea na mtu aliyekuegemea begani. Nikarudia. Nikarudia tena kwa kasi zaidi, nikarudia polepole, nikarudia kwa hasira. Mzee wa matofali akaacha kazi, akaniangalia anavyoangaliwa mtu aliyepoteza kitu.

Nikakaa juu ya rundo, nikavua helmeti. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Neno moja tu lingetosha, nami ningekimbia mpaka mvi ziote, bila kununiwa, bila kuulizwa. Na lenyewe si neno gumu. Imetulia. Nililifanyia mazoezi njia nzima ya kurudi, ndani ya helmeti, mpaka likakolea.

Alikuwa palepale getini nilipomwacha.

"Vipi?"

"Imependeza. Kila niliposimama watu waliigeukia."

"Sikukuuliza hilo."

Neno langu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alinitazama kama mtu ambaye amekwisha kuniamini kabla sijasema, na mikono yake ilikuwa na vidonda vipya vya cheche kutoka kiganjani mpaka kiwikoni. Nikaona kwamba nikilisema, ile kona nitaipita peke yangu maisha yangu yote.

"Bado," nikasema. "Tena imezidi. Inavuta kushoto."

Nikaingia ndani, nikautundika ufunguo kwenye msumari ulio kando ya mlango wa jiko. Ahadi ni deni, nikajiambia, na mimi si mtu wa kukimbia deni. Kisha nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia kwa nafasi yangu.

Siku zilizofuata sipendi kuzikumbuka, ingawa majirani wanazikumbuka kwa kicheko. Kazini niliazima baiskeli. Nyumbani nilifua mapazia yaliyokuwa safi. Nilihamisha kitanda, nikahamisha kabati, nikakirudisha kitanda.

"Jana kabati lilikuwa ukuta ule," mume wangu akasema.

"Leo liko huu."

"Kiguu, unanizungukia kama feni."

"Si ulitaka niwe nyumbani? Ndiyo huku kuwa nyumbani kwangu."

Ilimchoma, nikaona, na sikufurahi. Hatukuwa watu wa kununiana. Tulikuwa watu wa kupiga kelele, kisha kula. Sasa tulikula kimya, na ufunguo ulituangalia kutoka kwenye msumari wake. Nilikuwa namkasirikia kwa sababu mimi nilimwambia kweli, ambalo ni jambo la ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha asubuhi moja nikamkuta amesimama uani, ufunguo mkononi, helmeti yangu ya zamani kichwani, kamba yake imejisokota chini ya kidevu.

"Nipeleke nikaisikie mwenyewe."

Nilidhani ananitania. Huyu alikuwa mtu wa miguu. Tangu tuoane, tukialikwa mahali, mimi nilikwenda na pikipiki na yeye akatembea, tukakutana mlangoni. Hakuwahi kupanda, si yangu wala ya mtu mwingine.

"Utaogopa," nikamwambia.

"Naogopa kila Jumapili nikiwa karakana. Wacha leo niogope nikiwa palepale."

Nikamrekebishia kamba ya helmeti. Alinishika kiuno kwa nguvu kiasi kwamba nilipumua kwa mapafu ya juu tu. Uwanjani nilimzungusha taratibu mara moja, ajue njia. Mara ya pili nikaongeza mafuta. Tukaingia kona, na kabla sijafungua mdomo yeye akapiga kelele mgongoni mwangu:

"Hapo! Hapo!"

"Ndiyo hapo!"

"Rudia!"

Nikarudia. Safari hii aliegemea upande usiofaa, tukapepesuka, tukachora mstari wa walevi mpaka kwenye matofali, tukasimama. Alishuka. Akacheka peke yake, akaacha, akainama kupumua. Kisha fundi aliyekuwa ndani yake akaamka. Alilala chini nyuma ya gurudumu, jicho moja limefumbwa, akatazama kwa muda mrefu. Akatoa mfukoni uzi anaopimia mageti, akaniambia nishike ncha kwenye gurudumu la mbele, naye akauvuta mpaka la nyuma. Magurudumu hayakuwa kwenye mstari mmoja. Upande mmoja ungeweza kupitisha kijiti cha kiberiti, upande wa pili usingeweza.

"Nimeupinda mimi," akasema.

Akakaa vumbini, akanieleza, macho yake yakiwa kwenye uzi. Chuma kikichomelewa huvutwa na moto, hilo anajua hata anayejifunza. Lakini geti likivutwa kidogo hukuni kichwa, unalipachika tu, bawaba na ukuta vinalinyoosha. Kwa hiyo mkono wangu ameufanya kama geti. Amemaliza upande mmoja wote, ndipo akahamia wa pili. Na ekseli ameitoa isiungue, wakati hiyo ekseli ndiyo ingezishika ncha mbili zisisogee.

"Huu hauna ukuta," akasema. "Sikukumbuka kwamba huu hauna ukuta."

Akashika gurudumu, akalisukuma upande. Chuma kikalia ndani, tak. Akasukuma tena. Tak. Sauti ilitoka mbele kabisa, pale mkono unapoingia kwenye fremu.

"Bushi," nikasema.

"Usimwambie mjomba wako kwanza."

Nikasubiri aikumbushe ahadi. Hakuikumbusha. Aliinuka, akajipangusa, akaitazama kona yote, kutoka inapoanza mpaka inapoachia.

"Ulianguka wapi?"

Nikamwonyesha. Akaenda akasimama hapohapo, akapiga ardhi kidogo kwa kisigino.

"Kichwani mwangu palikuwa na korongo," akasema. "Miezi yote hii. Korongo, na mawe chini."

"Ni vumbi tu."

"Naona. Ni vumbi tu."

Mzee wa matofali alipita na mkokoteni wake, tukampisha.

"Na ahadi je?" nikauliza, maana nilishindwa kuendelea kungoja.

"Ile ahadi niliitaka nikiwa sijui ninachokisema." Akaikunja kamba yake ya uzi vidoleni. "Lakini kuogopa siachi."

"Nani kakwambia uache?"

Jioni yake akazikata mbavu kwa grenda, cheche zikaruka mpaka gereji ya pili, na juu ya ukuta ikaja sauti: "Tai imevuliwa!" Mume wangu akajibu kwamba mkwe mwenye adabu angenyamaza, kisha akaenda mwenyewe upande wa pili kuomba msaada, nikawasikia wakicheka. Wakaunyoosha mkono pamoja. Mjomba akapeleka bushi zichongwe, na safari hii nilisubiri, ingawa kabati lilihama tena.

Bushi mpya zilipoingia, nilikwenda kwenye matofali bila ubavu wowote. Pikipiki ilipita kona kama imeoshwa dhambi. Nilirudi nikiimba. Nikamkuta mume wangu ameinama mezani, anapinda bomba jingine.

"Ya nini tena? Imetulia!"

"Najua."

"Basi?"

Hakuinua kichwa. "Nataka na mimi niwemo."

Safari hii ekseli ilikaa mahali pake, imefungwa kwa nati pande zote mbili. Alichoma tone upande huu, tone upande ule, akangoja mpaka chuma kikashikika kwa kiganja kitupu, ndipo akaongeza. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikimtazama kupitia kioo cheusi alichoniazima, nikakaa kweli, mpaka kazi ikaisha. Mbavu hizi zilikuwa nyembamba kuliko za kwanza. Kile kijikunjo hakukiacha.

Watu huniuliza. Vijana wa mashindano huizunguka pikipiki yangu, wakachuchumaa, wakauliza kama huo mkono ulioimarishwa unasaidia au ni urembo tu. Mjomba hadi leo anasema urembo. Mume wangu anasema chuma hakidanganyi. Mimi nimekimbia bila mbavu na nimekimbia nazo. Kwenye mashimo labda naona tofauti kidogo, labda sioni. Ila najua kwamba zikiwa pale chini nafungua mafuta mapema zaidi. Kama hiyo ni kazi ya chuma au ya kichwa, sijui, na sijawahi kuona haja ya kuzikata ili nijue.

Jumapili ya kwanza ya mbio baada ya mbavu hizo, mume wangu alinywa chai kwa haraka, akasema ana kazi ya watu, anafungua karakana. Sikumlaumu. Nilibandika namba, nikaondoka.

Mzunguko wa kwanza sikuona kitu kwa vumbi la wengine. Wa pili, nikiingia kona, niliona nyuma ya waya wa uzio aproni ya ngozi ninayoijua. Alikuwa amesimama mahali palepale nilipoangukia, ila upande wa nje, na ameipa mbio mgongo. Anaangalia barabarani, kama mtu anayengoja gari. Watoto wakipita karakana anakochomelea huwaambia vivyo hivyo: geukeni, msitazame moto. Nusura nikose njia yangu kwa kumshangaa.

Mzunguko uliofuata nikamkuta vilevile, mgongo, vidole vimeshika waya kwa nyuma. Watu wote uzioni wanatazama huku, yeye peke yake kule.

Mara iliyofuata mgongo ulikuwa bado umegeuka, lakini kichwa kilikuwa kimelala kidogo upande, na sikio moja lilielekea kwangu. Nikaingia kona, nikafungua mafuta mapema, asikie kwamba imetulia.